Fahamu Safari ya Ushuru Wako

Mama mboga anapolipa ada ya soko, pesa hizo huenda wapi?

Kifungu cha 209 cha Katiba kinaruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa, kama vile soko na maegesho. Ada haiwezi kuongezwa kiholela: lazima wananchi washirikishwe na Bunge la Kaunti lipitishe sheria.

Ada hiyo ya soko huwekwa katika Mfuko wa Mapato ya Kaunti. Haitolewi humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Kanuni za 2015 nazo zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Mishahara ikizidi, barabara, mabomba ya maji na zahanati ndizo huumia.

Wajibu wa mkazi ni kudai risiti kila anapolipa, kwani pesa isiyo na risiti huishia mfukoni mwa mtu kwa urahisi. Pia ahudhurie vikao vya bajeti kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1.