Mgonjwa wa Kiharusi Anapoanza Kuweweseka

Mzee alipatwa na kiharusi juzi. Usiku wa leo anaongea na watu waliokufa zamani, anang'oa mpira wa dripu na hamtambui mwanawe. Jamaa wananong'ona: ni jini. Kuanzia Hola hadi Garsen maneno hayo si mageni, na mara nyingi hufuatwa na ombi la kumtoa mgonjwa wodini.

Hospitalini hali hiyo huitwa diliriamu, yaani akili kuvurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa wa mwili. Humpata takriban mgonjwa 1 kati ya 4 wa kiharusi, hasa wazee. Huja na kuondoka: asubuhi ametulia, jioni hakujui. Wengine hawapigi kelele, husinzia tu, na hao ndio husahaulika.

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali. Mojawapo ni asetilikolini, inayosaidia umakini na kumbukumbu. Kimeng'enya kiitwacho kolinesterazi huivunja ikishamaliza kazi. Kwa kuwa kimeng'enya hicho kimo pia katika damu, watafiti wamekipima kwa wagonjwa wa kiharusi wakitaka kujua mapema nani atavurugika. Matokeo hayajakubaliana, kwa hivyo usishangae usipoandikiwa kipimo hicho. Lakini wakulima wa Bura na Hola wajue jambo moja: baadhi ya dawa za kuua wadudu hukizima kimeng'enya hichohicho. Kama mgonjwa alikuwa akinyunyizia shamba, mwambie daktari.

Daktari hutafuta kwanza chanzo kinachotibika: maambukizi ya mkojo au mapafu, malaria, sukari kushuka, upungufu wa maji mwilini (na joto la Garsen mnalijua). Taja kila dawa aliyomeza, hata ile ya mafua ya dukani inayoleta usingizi. Baadhi huzuia asetilikolini kufanya kazi.

Nawe jamaa, ukiona habari zake zimebadilika, mwite muuguzi papo hapo. Mvishe miwani yake, mkumbushe yuko wapi na ni siku gani, na usiku akae na mtu anayemzoea. Usimfunge kamba. Usimpe uji wala maji kabla muuguzi hajahakikisha anameza vizuri.

Na kiharusi chenyewe: uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usingoje kupambazuke. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo, na kutoka vijiji vya Delta safari peke yake hula sehemu kubwa ya muda huo.