Kupaka Rangi Picha Tuliyoichora

Somo la 12

Ndugu wanakisomo, katika somo lililopita tulichora picha kwa penseli. Leo tutaipaka rangi. Si lazima twende dukani. Vitu vingi tunavyohitaji viko jikoni na uwanjani.

Kwanza tusome kisa hiki.

Darasa moja la jioni lilichora picha ya kubandika kwenye ukuta wa zahanati. Wakati huo watu wengi kijijini walikuwa wanaharisha, na watoto ndio walioumia zaidi. Wanakisomo walitaka kuwaambia wenzao mambo mawili. Wasiteke maji ya kunywa bwawani. Na maji ya kisimani wayachemshe.

Wakachora bwawa, kisima, na sufuria juu ya mafiga. Mistari ilikuwa mizuri. Walikuwa na buluu kidogo ya kufulia nguo, wakaikoroga katika kifuu. Wakapaka bwawa buluu. Wakapaka kisima buluu. Hata maji ya sufuriani wakayapaka buluu, kwa kuwa maji ni maji.

Bibi mmoja asiyejua kusoma aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Wanangu, sasa niteke wapi? Maji yote haya naona ni mazuri."

Wanakisomo wakatazamana. Maneno yalikuwa yameandikwa chini ya picha, lakini bibi hakuweza kuyasoma, naye ndiye aliyechorewa picha hiyo. Ikabidi waanze upya.

Kabla hujapaka, jiulize: mtu asiyejua kusoma ataelewa nini kwa rangi hii?

Sasa tutafute rangi. Lugha yetu yenyewe inatuonyesha pa kuzipata. Kijivu ni majivu. Kijani ni jani. Manjano ni ule mzizi wa bizari tunaoutia katika mchuzi. Maji ya kunde tunayaona kila tunapochemsha kunde. Nyeusi ni mkaa uliosagwa, au masizi ya chungu. Nyeupe ni chokaa. Nyekundu ni udongo wa kichuguu au wa barabarani, mahali penye udongo mwekundu.

Twanga udongo huo ukiwa mkavu, uuchekeche kwa kitambaa ili mchanga ubaki. Ukiukoroga kwa maji matupu utashika karatasi ukiwa mbichi, lakini ukikauka utapukutika kama vumbi. Lazima uchanganye na kitu cha kunata. Utomvu wa mgunga ulioyeyushwa katika maji ya moto unafaa sana. Uji mwembamba wa unga wa muhogo unafaa pia, ila pika kidogo tu, maana kesho utachacha. Kiini cha yai hushika vizuri kuliko uji, lakini mwenye yai moja na mtoto nyumbani atajua mwenyewe la kufanya.

Bizari ina vituko vyake. Ukiichanganya na chokaa au majivu, manjano yake hugeuka kuwa mekundu. Wengi hushangaa wakidhani wamekosea. Tena rangi yake hufifia juani, kwa hiyo usiitumie katika picha itakayokaa nje. Rangi ya jani bichi nayo haidumu. Udongo na mkaa hudumu.

Usitumie unga mweusi wa betri kuukuu za tochi. Watu wengi wameuzoea, lakini una sumu, na watoto hupenda kushika tunavyoshika. Mkaa unatosha.

Burashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha. Kama mna penseli za rangi au krayoni za watoto wa shule, zitumieni. Paka manjano, kisha buluu juu yake, utapata kijani. Nyekundu na manjano hutoa rangi ya chungwa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za makopo, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao za dari. Alifariki mwaka 1972, na hadi leo uchoraji wa namna ile unaitwa kwa jina lake.

Anza na rangi nyepesi, nzito zije baadaye. Ukianza na nyeusi huwezi kuifuta. Rangi ya kwanza ikauke kabla hujaweka ya pili, la sivyo zitaingiliana na kuwa matope. Kama mistari yako ni ya wino, jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi, maana wino mwingine hutiririka ukiguswa na maji. Na usijaze kila mahali. Karatasi nyeupe nayo ni rangi.

Wale wanakisomo waliitumia karatasi hivyo. Bwawa walilipaka udongo na mkaa kidogo, wakaongeza ng'ombe aliyesimama ndani. Maji ya kisimani waliyaacha meupe, na mstari mmoja wa buluu pembeni. Lakini maji meupe si lazima yawe salama, kwani vijidudu havionekani kwa macho. Kwa hiyo sufuria waliichora kubwa kuliko kisima, ikitokota na kutoa mvuke. Rangi kali zote, nyekundu na manjano, waliziweka kwenye moto tu.

Bibi yule aliletwa aitazame kabla haijabandikwa. Akaweka kidole juu ya moto. Akasema, "Hapa mnanipa kazi ya kuni."

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini bibi hakuielewa picha ya kwanza?
2. Kijijini kwenu udongo wa rangi gani unapatikana, na wapi?
3. Kuni zikiwa haba, mtachemshaje maji ya kunywa?

Kazi: Choreni mahali mnapoteka maji. Pakeni rangi mbili tu. Mwonyesheni mtu asiyejua kusoma, aeleze anachokiona. Msimsaidie.