Laini ya Simu Kwenye Kompyuta Mpakato: Maswali ya Wananchi na Majibu Yake

Wanafunzi wengi wa vyuo, wafanyabiashara na ofisi ndogo nchini Tanzania hawana intaneti ya waya. Wanategemea laini ya simu ya malipo ya kabla, yaani ile unayoijazia salio kwanza ndipo uitumie, na kuiunganisha na kompyuta mpakato (laptopu). Malalamiko mengi kuhusu matumizi haya yana asili moja: laini ikishaingia kwenye modemu, mwenye laini husahau kwamba bado ni namba yake, yenye jina lake, ujumbe wake na pengine fedha zake.

Je, nahitaji laini maalumu kwa ajili ya kompyuta?

Hapana. Laini yoyote iliyosajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole inafaa. Ila mitandao huwa na vifurushi vya simu na vifurushi vya modemu au ruta, kwa bei na masharti tofauti, hivyo uliza kabla ya kulipa.

Naiunganishaje?

Njia nyepesi ni kuiacha laini ndani ya simu janja na kuwasha hotspoti, yaani simu igawe intaneti yake kwa kompyuta kupitia waifai. Ukitumia waya wa USB badala ya waifai, simu inachaji huku ikifanya kazi na hakuna mtu wa pembeni anayeweza kudandia. Njia nyingine ni modemu, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB, au ruta ya mkononi. Zipo pia kompyuta zenye nafasi ya laini ndani yake. Tafadhali usikate laini kwa mkasi ili itoshee. Kituo cha huduma cha mtandao wako kitakubadilishia upate ya ukubwa unaofaa, namba ikibaki ileile.

Mawimbi yapo, lakini kurasa hazifunguki. Tatizo ni nini?

Anza kwa kuangalia kama una kifurushi. Kama kipo, kagua APN, yaani jina la mlango ambao laini hupitia kuingia kwenye intaneti. Mtoa huduma atakutumia mpangilio sahihi. Modemu iliyonunuliwa kwa mtandao mmoja huenda imefungwa isipokee laini ya mtandao mwingine.

Je, ni kweli kwamba kampuni hukata GB zaidi ukitumia kompyuta?

Wanaosema hivyo wameona jambo la kweli: kifurushi kilichokuwa kinatosha wiki nzima kwenye simu kinaweza kuisha kwa siku moja kwenye kompyuta. Lakini GB 1 ni ileile popote inapotumika. Kinachotofautiana ni tabia ya vifaa. Kompyuta ikiona waifai hudhani ina intaneti isiyo na kikomo, ikaanza kupakua masasisho (matoleo mapya ya programu, ambayo yanaweza kufikia GB kadhaa), kuhifadhi picha zako mtandaoni na kufungua video kwa ubora wa juu. Saa moja ya filamu ya ubora wa juu inaweza kumaliza takribani GB 3. Ubora ukishushwa, matumizi hushuka chini ya GB 1.

Dawa ipo ndani ya kompyuta yenyewe. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao uliounganishwa kisha washa sehemu iliyoandikwa "Metered connection". Kompyuta itaelewa kwamba intaneti hiyo inanunuliwa kwa kipimo, na itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho. Usiyazuie moja kwa moja, kwa kuwa ndiyo yanayoziba mianya ya wadukuzi. Yapakue ukiwa kwenye intaneti ya ofisi au chuo.

Nina haki gani kuhusu kifurushi changu?

Kwa masharti ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya mwaka 2021, mtoa huduma anapaswa kukuarifu matumizi yanapofikia asilimia 75 na yanapofikia asilimia 100. Pia hapaswi kukuhamishia kwenye salio la kawaida bila ridhaa yako. Tatizo ni kwamba taarifa hiyo huja kwa ujumbe mfupi, na laini ikiwa ndani ya modemu ujumbe hukaa humo bila kusomwa. Jizoeze kufungua ukurasa wa modemu kwenye kompyuta, sehemu ya ujumbe, angalau mara moja kwa siku.

Naweza kuwagawia wenzangu hotspoti?

Unaweza, lakini weka nenosiri na ulibadilishe mara kwa mara. Kosa likifanyika kupitia namba yako, wewe uliyeisajili ndiye utakayetafutwa kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, usimsajilie mtu mwingine laini kwa kidole chako, hata awe jamaa.

Laini ina huduma ya pesa. Je, ni salama kuiacha kwenye modemu?

Tunashauri utumie laini nyingine kwa intaneti. Kama unayo moja tu, iwekee PIN, namba ya siri inayodaiwa kila kifaa kinapowashwa. Ukikosea PIN mara 3 itadaiwa PUK, namba yenye tarakimu 8 ambayo mtoa huduma hukupatia akishakuhakiki. Ukikosea PUK mara 10, laini inakufa kabisa.

Modemu ikiibiwa au nikitapeliwa?

Pigia mtandao wako mara moja laini ifungwe, kisha nenda kituo cha huduma ukiwa na namba ya NIDA ili uirudishe kwa alama za vidole. Namba inayokutumia ujumbe wa utapeli iripoti kwenda 15040. Kujua namba zote zilizosajiliwa kwa jina lako, piga *106#. Ukiona usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma wake ifutwe. Lalamiko huanzia kwa mtoa huduma, na usiporidhika na majibu yake, lipeleke TCRA.