Safari ya Familia Ugenini: Hesabu ya Nauli Ifanywe na Wawili



Katika Injili ya Luka, sura ya pili, tunasoma habari za safari ya familia. Yosefu na Maria walikwenda Yerusalemu pamoja na Mtoto Yesu kwa sikukuu ya Pasaka. Wakati wa kurudi walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara. Hawakuwa wazazi wabaya. Tatizo ni kwamba walidhani tu, bila kuulizana. Ikiwa jambo hilo liliweza kuipata Familia Takatifu, sisi wa leo tusishangae tukipotezana njiani. Nasi mara nyingi tunachopoteza si mtoto. Tunapoteza fedha, na pamoja nazo tunapoteza amani.

Somo letu la leo ni safari ya familia katika nchi ya jirani, hasa namna ya kutembea ndani ya nchi hiyo kwa gharama ndogo. Huenda utasema hilo ni jambo la watalii, si la ukurasa wa ndoa. Nisikilize kwanza.

Yaliyonipata mimi

Desemba 2024 mimi na mke wangu tulikuwa tumetimiza miaka 15 ya ndoa. Tulikuwa tumeahidiana tangu zamani kwamba siku moja tutawapeleka watoto Tanzania, waone bahari, wafike Bagamoyo, kisha wapande treni mpya ya umeme. Watoto wetu ni watatu: mmoja wa miaka 14, mmoja wa miaka 9 na kitinda mimba wa miaka 3. Ndugu wa mke wangu ameolewa Dar es Salaam, anaishi Kimara, naye alitukaribisha. Kwa hiyo malazi hayakuwa shida.

Nilipiga hesabu peke yangu, usiku, taa ikiwa imepunguzwa. Niliandika nauli ya Isiolo hadi Nairobi, Nairobi hadi Namanga, Namanga hadi Arusha, Arusha hadi Dar es Salaam, kisha nikazidisha kwa mbili. Nikaona fedha zinatosha na kubaki. Kumbe nilikuwa nimehesabu kufika na kurudi tu. Siku 14 za kukaa kule sikuziandikia hata senti moja ya nauli.

Tulifika salama. Lakini kuanzia siku ya kwanza niliona haya kuwapandisha watoto daladala mbele ya wenyeji wetu. Nilitaka waseme, "Shemeji amekuja vizuri." Tukienda sokoni, taksi. Tukienda ufukoni, taksi. Kwenda Bagamoyo nilikodi gari litupeleke, litusubiri na kuturudisha, nikalipa Sh 150,000 za Tanzania, yaani zaidi ya Sh 7,000 za kwetu. Mke wangu aliniuliza njiani, "Baba watoto, tumebaki na ngapi?" Nikamjibu, "Wewe furahia safari tu."

Jumamosi jioni, siku ya tano, nilihesabu kilichobaki nikatetemeka. Nauli ya kurudi haikutosha. Nalo jambo baya zaidi nilikuwa sijamwambia mtu: Sh 10,000 kati ya fedha nilizobeba zilikuwa karo ya Januari ya mtoto wetu wa kwanza.

Nilimwita mke wangu nje tukakaa chini ya mwembe, nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Fedha zitatafutwa. Kinachoniuma ni kwamba umenibeba kama mzigo, si kama mke." Baadaye kidogo alifungua pindo la leso yake akatoa Sh 6,000 za Kenya. Zilikuwa fedha za chama cha akina mama. Alizificha tangu Isiolo kwa sababu, alisema, alijua nitafika hapa.

Basi tazameni, wapendwa. Mume alificha, na mke naye alificha. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja miaka 15, lakini safari ile kila mmoja aliisafiri peke yake.

Daftari la mama

Usiku ule mke wangu alichukua daftari la mtoto akachora mistari mitano: siku, mahali, chombo, wanaolipa, jumla. Akamwita ndugu yake atutajie nauli halisi. Tulipomaliza tulielewa kwamba siku tisa zilizobaki zingewezekana kwa fedha kidogo kuliko nilizotumia katika siku tano.

Jumapili tulipanda mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Tukashuka, tukatembea kwa miguu hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa wakati wa Wajerumani, tukasali Misa. Baada ya Misa tukaenda kwa miguu kwenye soko la samaki la Feri, kisha tukavuka bahari kwa pantoni hadi Kigamboni, ambako nauli ni ndogo sana, na watoto wakacheza mchangani. Jioni tukarudi kwa njia ile ile. Siku nzima, njia moja, watoto wakiimba. Taksi haikuhitajika hata mara moja.

Zanzibar tuliiacha. Tulitamani kuiona, lakini boti ya watu watano kwenda na kurudi ingekula treni na chakula pia. Uamuzi huo tuliufanya pamoja, kwa hiyo haukumuuma yeyote.

Mambo sita ya kujifunza

1. Tenganisheni mafungu matatu ya fedha. Fungu la kwanza ni la kufika na kurudi. Lifungwe, lisiguswe. Fungu la pili ni la kutembea huko mnakokwenda. Hili ndilo husahauliwa, nalo ndilo huharibu safari. Fungu la tatu ni la dharura, kama mtoto akiugua. Karo na fedha za chama zibaki nyumbani.

2. Chagueni makao mamoja. Kila mnapohama mji mnalipa nauli upya kwa kila kichwa, na mizigo pia. Familia inayokaa mahali pamoja na kutoka asubuhi na kurudi jioni hutumia kidogo kuliko ile inayozunguka miji minne. Tena msitoke kila siku. Siku moja ya kutembea ifuatwe na siku ya kupumzika, kufua nguo na kukaa na wenyeji.

3. Safirini kinyume cha watu. Kabla ya Krismasi mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hujaa, kwa kuwa watu wengi wa Kilimanjaro hurudi kwao. Baada ya Mwaka Mpya wimbi hugeuka. Sisi wa Isiolo tunateremka wakati wao wanapanda, na tunarudi wakati wao wanateremka. Hata huku kwetu, watu wa Nairobi wakija mashambani sisi tunakwenda Nairobi. Kwa hiyo tarehe zikipangwa vizuri nafasi hupatikana bila kusukumana. Jueni pia kwamba Tanzania ina mamlaka iitwayo LATRA ambayo huweka kiwango cha juu cha nauli za mabasi, kwa daraja la kawaida na daraja la kati. Ulizeni kiwango hicho kabla ya kulipa, nanyi dirishani mdai tiketi. Hapa Kenya tumezoea nauli kupanda mvua ikinyesha, tukadhani ni hivyo kila mahali.

4. Jueni vituo na saa. Basi la mkoani halikufikishi katikati ya Dar es Salaam. Hushusha abiria katika stendi ya Magufuli, Mbezi, iliyofunguliwa 2021, na kutoka pale bado kuna safari ya kwenda mjini. Mkifika usiku, mtalazimika kukodi gari. Tangu 2023 mabasi ya usiku yameruhusiwa tena kule, lakini kwa familia yenye mtoto mdogo mchana ni bora. Mkiambiwa basi linaondoka saa kumi na mbili, ulizeni kama ni alfajiri au jioni, na kama tiketi imeandikwa kwa saa za Kiswahili au za Kizungu. Kuchelewa basi ni kulipa nauli mara mbili.

5. Hesabuni vichwa kwa umri. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka ule ilikuwa Sh 13,000 za Tanzania hadi Morogoro na Sh 31,000 hadi Dodoma. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 4 halipi. Kwa familia yetu hesabu ilikuwa hivi: wazazi wawili Sh 26,000, mtoto wa miaka 14 Sh 13,000, wa miaka 9 Sh 6,500, na mdogo bure. Jumla Sh 45,500 kwenda, na Sh 91,000 kwenda na kurudi. Kwa shilingi ya Kenya, ambayo wakati ule ilikaribia Sh 20 za Tanzania, hiyo ni kiasi cha Sh 4,550. Watu watano walisafiri hadi Morogoro na kurudi kwa fedha pungufu kuliko nilizolipa taksi moja ya Bagamoyo! Nauli hubadilika, kwa hiyo ulizeni ya siku yenu, na mkate tiketi mapema.

6. Hati ziwe tayari. Kwenda Uganda Mkenya anaweza kutumia kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini kwenda Tanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda kutoka Uhamiaji. Kila mtoto awe na hati yake. Bebeni pia vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Anayerudishwa mpakani Namanga amepoteza nauli yote aliyokwisha kulipa.

Neno kwa waume, na neno kwa wake

Ndugu yangu mwanamume, kuwa kichwa cha nyumba si kuwa na mfuko usioonekana ndani. Fahari niliyoifanya mbele ya wenyeji ililipiwa na mtoto ambaye karo yake haikuwa tayari. Tuliporudi Isiolo tuliuza mbuzi wawili ndipo akaenda shule. Wale wenyeji wenyewe hupanda daladala kila siku. Walinishangaa tu.

Dada yangu, fedha ulizoficha zilituokoa, lakini tusisifu kificho. Kama mke wangu angesema hapa Isiolo, "Nina Sh 6,000, nami nina shaka na hesabu yako," tungeandika daftari lile nyumbani. Kunyamaza ukingojea mwenzako aanguke si uvumilivu.

Bagamoyo yenyewe hutufundisha. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale kutoka Zanzibar mwaka 1868 wakaanzisha misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika bara la Afrika Mashariki, na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mimi nilipita hapo kwa gari la kukodi nikiangalia saa, kwa kuwa dereva alitaka kuongezwa fedha za kusubiri. Watoto waliuliza maswali nami sikuwajibu. Kama tungekwenda kwa basi dogo, wote pamoja tusingemaliza Sh 40,000, na tungekaa hadi alasiri chini ya miembe ile tukizungumza. Mwenye kusafiri zaidi ya uwezo wake hata alichokifuata hakioni.

Basi, mwenye Desemba ijayo na aanze leo. Tengeni kidogo kila mwezi, kwani haba na haba hujaza kibaba. Na daftari liandikwe mezani, mchana, mume na mke wakiwa wameketi pamoja. Watoto wakubwa waitwe pia. Mtoto aliyeshiriki hesabu hatalilia soda njiani.

Maswali ya kujadiliana mume na mke

1. Je, kuna fedha ambazo mwenzangu hajui kwamba ninazo, au hajui kwamba nimezitumia? Kwa nini sikumwambia?
2. Safari yetu ya mwisho, hata kama ilikuwa ya kwenda mazishini, ni nani aliyepanga nauli? Mwingine aliulizwa?
3. Ni gharama gani tunayoifanya kwa ajili ya macho ya watu tu?
4. Tukipata nafasi ya kusafiri na watoto, ni mahali gani pamoja tu tungepachagua, na ni papi tungepaacha bila kinyongo?

Familia Takatifu, iliyojua njia ya Misri na ya Yerusalemu, iwaongoze katika safari zenu zote. Amina.