Krasha yako mbele ya mkaguzi wa hataza

Kuanzia machimbo ya kokoto hadi mashimo ya dhahabu ya Migori na Kakamega, mawe mengi ya Kenya hupondwa na mashine zilizochomelewa na mafundi wa hapahapa. Baadhi yao wameongeza kitu cha maana kwenye mashine hizo, wakaambiwa waombe hataza, kisha wakapokea barua ya mkaguzi wasiyoielewa. Maswali yao nimeyajibu hapa kwa kufuata Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 na utaratibu wa KIPI, taasisi inayotoa hataza nchini.

Mashine yangu inafanya kazi na wateja wanaisifu. Kwa nini mkaguzi anaikataa?

Mkaguzi habishi kwamba inafanya kazi. Anachouliza ni kama ni mpya, kama ina hatua ya uvumbuzi, na kama inaweza kutengenezwa au kutumika katika shughuli za uzalishaji. Swali la tatu halijawahi kuisumbua mashine ya kuponda mawe. Kazi iko kwenye mawili ya kwanza, kwa sababu fani hii ina historia ndefu na iliyoandikwa vizuri.

Mwaka 1852 Eli Whitney Blake wa New Haven, Marekani, alipewa jukumu la kusimamia barabara ya mawe yaliyopondwa katika mji wake. Aliona mawe yale yakivunjwa kwa nyundo, jiwe baada ya jiwe, akatafuta namna ya kuifanya kazi hiyo kwa mashine. Tarehe 15 Juni 1858 alipata hataza namba 20,542. Mashine yake ina mataya mawili ya chuma yanayokaribiana kuelekea chini. Moja limesimama, jingine linakwenda na kurudi. Jiwe hubanwa, hupasuka, huteremka kidogo, hubanwa tena, hadi liwe dogo la kupita kwenye mwanya wa chini. Mwendo unatoka kwenye shafti inayozunguka, na mabamba ya msukumo nyuma ya taya hugeuza mzunguko huo kuwa nguvu kubwa ya kubana.

Itazame krasha iliyo uani kwako. Ikiwa ni ya mataya, sehemu kubwa ya mfupa wake ni ya Blake. Mkaguzi anaanzia hapo, halafu anapitia zaidi ya miaka 160 ya maboresho: mashine za koni, za nyundo, za rola, vyuma vya manganizi, springi za kuokoa taya chuma kinapoingia. Kilichobaki baada ya kuondoa hayo yote ndicho chako.

Anayatafuta wapi hayo yote?

Hataza hupangwa duniani kote kwa alama za mfumo mmoja wa kimataifa. Mashine za kuponda na kusaga ziko chini ya B02C. Za mataya ziko B02C 1, za koni B02C 2, za nyundo zinazozunguka B02C 13. Mkaguzi huingia kwenye hifadhi za hataza kwa alama hizo, na wewe unaweza kufanya vilevile bila kulipa hata shilingi. Espacenet ina nyaraka zaidi ya milioni 150, na kuna pia Patentscope na Google Patents. Tazama michoro kwanza, maana krasha inasomeka kwa mchoro hata kama maandishi ni ya Kichina au Kijerumani.

Tafadhali fanya hivi kabla ya kulipa ada yoyote. Inaniuma kumwona fundi akitumia akiba yake kuombea kitu ambacho angekikuta mtandaoni kwa jioni moja ya utafutaji.

Wanasema "madai" yangu ni mapana mno. Madai ni nini hasa?

Ni sentensi zilizo mwishoni mwa ombi, zinazotaja unachotaka kilindwe. Hataza hailindi mashine iliyo uani wala picha uliyoambatanisha, inalinda kilichomo kwenye madai. Maelezo na michoro husaidia tu kuyafafanua. Fundi anaweza kukesha mwezi mzima akinyoosha shafti, halafu akaandika dai kwa dakika kumi. Mpango huo ugeuzwe.

Tuchukue mfano. Tuseme fundi anahangaishwa na vumbi. Vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu, na wanaoponda kokoto na mawe ya dhahabu hulivuta kutwa nzima. Ameweka pampu ndogo nyuma ya taya linalotembea. Taya likirudi nyuma, pampu inavuta maji kwenye dumu. Likienda mbele kubana jiwe, inayasukuma hadi kwenye vitundu vilivyo mdomoni mwa mashine. Hakuna mota ya pili, na maji yanatoka wakati ule tu jiwe linapopasuka.

Akiandika "mashine ya kuponda mawe yenye mataya mawili na maji ya kuzuia vumbi," atakataliwa. Mataya ni ya 1858, na kunyunyizia maji kwenye krasha ni jambo la kawaida katika migodi.

Akiandika "pampu yenye mrija wa milimita 12 iliyofungwa kwa bolti nne nyuma ya taya la kushoto," huenda akapewa, lakini jirani yake atatumia bolti tatu na mrija wa milimita 15, auze mashine ileile bila kuguswa.

Dai zuri linakaa katikati: mashine ya kuponda mawe yenye taya lisilotembea, taya linalotembea, na pampu iliyounganishwa na taya linalotembea kiasi kwamba mwendo wake wa kubana ndio unaosukuma maji kuelekea kwenye mdomo wa mashine. Bolti hazitajwi. Milimita hazitajwi. Kinachotajwa ni uhusiano kati ya mwendo wa taya na maji, maana huo ndio uvumbuzi. Vipimo vinakwenda kwenye madai madogo yanayofuata, ili dai kubwa likianguka kuwe na pa kusimama.

Kwa kuwa mfano huu sasa umechapishwa, haufai tena kuombewa hataza na mtu mwingine. Hivyo ndivyo chapisho lolote linavyofanya kazi, hata la gazetini.

Hatua ya uvumbuzi inapimwaje? Mimi naona mkaguzi anatumia maoni yake tu.

Ana mpangilio, na ukiujua utajibizana naye kwa hoja. Kwanza huchukua waraka mmoja wa zamani ulio karibu zaidi na mashine yako. Pili huorodhesha tofauti. Tatu huuliza tofauti hiyo inaleta faida gani ya kiufundi, na kwa hiyo inatatua tatizo gani. Mwisho hujiuliza kama fundi mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hii, akiwa na tatizo hilo mkononi na nyaraka za zamani mezani, angefika palepale bila kuumiza kichwa.

Turudi kwenye pampu. Waraka wa karibu ni krasha ya mataya yenye vitundu vya maji vinavyolishwa na pampu ya umeme. Tofauti ni kwamba pampu inaendeshwa na taya. Ukimwambia mkaguzi "yangu ni rahisi zaidi," hatapata kitu cha kushika. Mwambie hivi: maji yanapotoka mfululizo, unga wa mawe hugeuka tope na kuziba mwanya wa chini, yanapotoka kwenye mwendo wa kubana tu, yanalikuta vumbi linapozaliwa na kiasi chake ni kidogo. Sasa tatizo limebadilika. Si tena namna ya kuondoa mota, bali namna ya kuzuia vumbi bila kuziba mashine. Mkaguzi akikosa waraka unaomwelekeza fundi kuyafungamanisha maji na mwendo wa taya, una hoja nzito. Akiupata, dai kubwa limekwisha, na unarudi kwenye madai madogo.

Ndiyo maana naomba mafundi wapime. Ponda debe kumi za mawe kwa njia ya zamani na debe kumi kwa njia yako, andika maji yaliyotumika na mara ambazo mashine iliziba. Daftari lenye vipimo hivyo lina uzito ambao barua ya sifa kutoka kwa mteja haina.

Mkaguzi huja kuiona mashine?

Hapana. Anasoma karatasi.

Basi niongeze maelezo baada ya kupata barua yake?

Hapa ndipo ninapoona maombi mazuri yakifa. Baada ya kuwasilisha, unaruhusiwa kupunguza na kunyoosha madai, lakini huruhusiwi kuingiza jambo ambalo halikuwamo tangu siku ya kwanza. Kama ombi lako halikutaja vali, huwezi kuiokoa mashine yako kwa vali.

Na kuna upande wa pili. Maelezo yanatakiwa yamwezeshe fundi mwingine kuitengeneza mashine. Taya likienda na kurudi mara 250 kwa dakika, kila mzunguko unachukua karibu robo ya sekunde. Mkaguzi makini atauliza: pampu inajazaje kwa muda huo? Jibu liwe tayari ndani ya ombi, yaani aina ya vali, unene wa mpira, urefu wa mwendo wa taya pale pampu ilipofungwa. Andika pia njia mbadala ulizozifikiria, hata ambazo hukuzijenga. Pembe kati ya mataya, kwa mfano, usiitaje kama nambari moja. Ikiwa pana mno jiwe huruka juu badala ya kubanwa, ikiwa nyembamba mno mashine inakuwa ndefu na nzito bila sababu. Taja kuanzia wapi hadi wapi, na eleza kinachotokea pembeni mwa mipaka hiyo.

Ukaguzi wenyewe haujianzishi. Ni lazima uuombe na kuulipia ndani ya miaka 3 tangu siku ya kuwasilisha, la sivyo ombi huhesabiwa limeachwa.

Nimeshaionyesha kwenye maonyesho, na video yake imezunguka WhatsApp. Nimechelewa?

Kwa Kenya, bado una nafasi ikiwa uliionyesha wewe mwenyewe na miezi 12 haijapita kabla ya kuwasilisha ombi. Nchi nyingi hazina huruma hiyo. Ulaya, kwa mfano, video yako mwenyewe inatosha kuuua upya wa mashine yako. Kama unaota kuuza nje ya nchi, wasilisha kwanza, onyesha baadaye. Ukishawasilisha Kenya, Mkataba wa Paris unakupa miezi 12 ya kuomba kwingine huku ukihesabiwa kwa tarehe yako ya kwanza, na kupitia ARIPO, shirika la kikanda la mali ya ubunifu barani Afrika lenye makao yake Harare, unaweza kutaja nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, Tanzania na Uganda zikiwamo.

Nasikia kuna njia nyepesi kuliko hataza.

Ipo, na kwa mafundi wengi ndiyo inayofaa: cheti cha modeli ya manufaa. Kinadai upya na matumizi ya kiviwanda, hakidai hatua ya uvumbuzi, na hudumu miaka 10 badala ya 20 ya hataza. Ombi la hataza likielekea kukwama kwenye swali la hatua ya uvumbuzi, unaweza kuomba ligeuzwe kuwa la modeli ya manufaa kabla halijaamuliwa. Hakuna aibu katika hilo.

Usajili wa usanifu wa kiviwanda ni kitu kingine kabisa. Unalinda sura: umbo la nje, mistari, mwonekano. Umbo linalolazimishwa na kazi ya mashine haliingii. Kwa krasha, ambayo mnunuzi huitazama uzito na beringi, usajili huo mara nyingi ni fedha zilizopotea.

Je, naweza kutengeneza mashine niliyoiona kwenye hataza ya Marekani?

Hataza ina nguvu katika nchi ilikotolewa tu. Ikiwa haikuombwa Kenya, wala kupitia ARIPO kwa kuitaja Kenya, unaweza kuitengeneza na kuiuza hapa. Ikiwa muda wake umekwisha, ni ya watu wote popote. Hifadhi zile za mtandaoni ni shule ya bure ya ufundi, yenye michoro ya mataya, koni na nyundo iliyochorwa ili mtu aweze kuitengeneza, na nasikitika kwamba karakana chache zinaitumia. Hakikisha tu hali ya hataza kabla hujaanza, na kumbuka kwamba mashine hiyo hairuhusiwi kuingia nchi ambako bado inalindwa.

Nikishapewa hataza, kisha mtu akaleta mashine kama yangu kutoka nje?

Hataza ya Kenya haimzuii kuitengeneza huko aliko, lakini inakupa haki ya kuzuia isiingizwe na kuuzwa hapa. Shauri la namna hiyo husikilizwa na Baraza la Mali ya Viwanda, na litaanza kwa kuweka dai lako ubavuni mwa mashine yake, sehemu kwa sehemu. Ikiwa dai lina mambo matano na mashine yake ina manne tu, kesi yako ni ngumu.

Kabla ya kwenda huko, hakikisha umelipa ada ya mwaka. Ukiikosa kuna miezi 6 ya nyongeza yenye tozo, na baada ya hapo hataza inakufa na mashine inakuwa huru kwa kila mtu, pamoja na huyo uliyetaka kumshtaki.