Makro Ikikugomea Usiku wa Kukabidhi Ripoti

Mwaka wa pili nilikuwa na kabiashara kadogo hosteli. Bumu likichelewa, na mnajua linavyochelewa, nilikuwa napanga ripoti za watu: vichwa vya sura, namba za kurasa, orodha ya marejeo, yale mambo ambayo mtu aliyemaliza kuandika hana hamu nayo tena. Nilichaji kwa ripoti, si kwa ukurasa, kwa hiyo kila dakika niliyookoa ilikuwa faida yangu. Ndiyo maana nilijifunza makro.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa, makro ni kama kinasa sauti, ila chenyewe kinanasa unachobonyeza. Kwenye Word unaingia View, kisha Macros, kisha Record Macro. Unaipa jina lisilo na nafasi katikati, unaipangia vitufe vya kuiita, unafanya kazi yako mara moja taratibu, halafu unasimamisha. Kuanzia hapo ukibonyeza vile vitufe, Word inarudia yote uliyoyafanya. Tatizo liko kwenye hilo neno "yote". Inarudia ulichobonyeza, hata pale ambapo ulichokitaka kilikuwa kitu kingine.

Nililijua hilo kwa gharama ya ripoti ya mtu. Dada mmoja wa mwaka wa mwisho alikuwa ameandika juu ya muhogo na nzi weupe, wale wanaoeneza virusi vya batobato na vya michirizi kahawia. Jina lao la kisayansi ni Bemisia tabaci, na kama uko sayansi unajua jina la namna hiyo linaandikwa kwa italiki, herufi za mlazo, kila linapotokea. Msimamizi wake alishamrudishia rasimu mara moja kwa kosa hilohilo. Alikuwa amesahihisha sura ya kwanza kwa mkono, akachoka. Saa nne usiku akaniletea flashi. "Mdogo wangu, kesho saa nne asubuhi nakabidhi. Nakutegemea."

Nikarekodi makro: tafuta Bemisia tabaci, bonyeza Ctrl+I, basi. Nikaipa Ctrl+E ili iwe karibu na kidole. Nikaweka kielekezi mwanzo wa ripoti, nikaanza kubonyeza huku napiga stori na wenzangu. Nilibonyeza mpaka nikaona inatosha. Nikarudi juu kuangalia, sura ya kwanza safi kabisa. Nikahifadhi, nikafunga faili, nikampigia simu.

Alipofungua sura ya pili, nzi wote wamesimama wima. Nikamwambia makro imewaruka, ngoja niwamalizie. Nikabonyeza tena kutoka mwanzo, na sura ya kwanza, iliyokuwa nzuri, nayo ikasimama wima. Ctrl+Z haikunisaidia kwa yale ya mwanzo, kwa sababu ukishafunga faili historia ya kutengua inakwenda nayo. Dada wa watu alikaa kitandani kwangu akiwa ameshika kichwa, hasemi kitu. Bora angenitukana.

Sasa tuangalie kilichotokea, maana ugonjwa huu ndio nauona zaidi kuliko mwingine wowote. Ukibonyeza Alt+F8 unapata orodha ya makro zako. Chagua moja, bonyeza Edit, na utaona kilichorekodiwa kikiwa kimeandikwa mstari kwa mstari. Usiogope, huhitaji kuwa mtu wa kompyuta sayansi kukisoma. Kwenye yangu kulikuwa na mstari huu:

Selection.Font.Italic = wdToggle

Hiyo wdToggle maana yake "geuza": lililosimama lilaze, lililolala lisimamishe. Ndivyo Ctrl+I inavyofanya kazi siku zote, ila ukiwa unaitumia kwa mkono macho yako yanaona neno lilivyo kabla hujabonyeza. Makro haina macho. Yale majina ambayo dada alikwisha kuyalaza mwenyewe katika sura ya kwanza, mimi niliyasimamisha. Dawa ilikuwa kufuta wdToggle na kuandika True, yaani "laza, hata kama limelala tayari".

Lakini hilo peke yake lisingeeleza kwa nini sura ya kwanza ilikuwa safi nilipoiangalia mara ya kwanza. Juu kidogo kulikuwa na mstari mwingine:

.Wrap = wdFindContinue

Huu unaiambia Word ikifika mwisho wa ripoti irudi mwanzo iendelee kutafuta, na hairudi kwa kuaga. Mimi naendelea kubonyeza na stori zangu, utafutaji umeshazunguka, umelaza tena majina ya sura ya kwanza na kuanza kusimamisha ya sura ya pili niliyokuwa nimeyalaza dakika chache nyuma. Nilikuwa nabomoa kazi yangu mwenyewe, na ukurasa niliochagua kuukagua ndio hasa ulionidanganya. Ukiweka wdFindStop, utafutaji unasimama mwisho.

Aibu ni kwamba kazi ile haikuhitaji makro. Ctrl+H, unaandika jina kwenye kisanduku cha kutafuta, unaingia kisanduku cha kubadilishia, unakiacha kitupu lakini unabonyeza Ctrl+I ukiwa humo mpaka chini yake paandikwe kuwa ni italiki, kisha Replace All. Word haifuti neno. Inalipa ule mwonekano tu. Ilichukua chini ya dakika moja. Muda uliobaki, mpaka karibu saa tisa usiku, tulikuwa tunalinganisha ripoti na nakala aliyowahi kumtumia msimamizi kwa barua pepe, tuhakikishe sijaharibu kingine. Alikabidhi saa tatu na nusu. Hela yake nilimrudishia, alitaka kukataa nikamlazimisha.

Habari ilisambaa, na cha ajabu sikukimbiwa. Watu walianza kuniletea makro zao zilizogoma. Nilichojifunza ni kutosikiliza kwanza malalamiko yenyewe, kwa sababu karibu kila mtu anasema "haifanyi kazi", na neno hilo linabeba magonjwa tofauti kabisa. Naanza na Alt+F8. Kwenye laptopu nyingi safu ya F imefungwa kwa ajili ya sauti na mwanga wa skrini, kwa hiyo huenda ukalazimika kushika Fn pia. Orodha ikifunguka, naiendesha makro kutoka humo bila kugusa vitufe vyake.

Ikikubali, makro ni nzima na kinachoumwa ni njia ya mkato. Mara nyingi vitufe vile vimepewa kazi nyingine baadaye, au programu nyingine inavidaka kabla havijafika kwenye Word. Ingia File, Options, Customize Ribbon, halafu chini pale kwenye njia za mkato za kibodi bonyeza Customize. Ukiandika vitufe vyako mle, Word inakuonyesha sasa hivi vina kazi gani. Kile kimstari kidogo cha "Currently assigned to" watu hawakisomi. Mimi mwenyewe sikukisoma, na ndiyo maana nilipora Ctrl+E, ambayo kazi yake ya kuzaliwa ni kuweka maandishi katikati. Wiki mbili baadaye mwenzangu wa chumba aliazima laptopu yangu kutengeneza ukurasa wa jalada. Kila akitaka kuweka kichwa katikati, Word inaanza kutafuta nzi weupe.

Makro isipoonekana kabisa kwenye orodha, uliza ilihifadhiwa wapi. Unaporekodi, Word inakuuliza swali hilo na wengi tunalipita. Ukichagua hati zote, makro inakaa kwenye faili liitwalo Normal.dotm, na faili hilo liko ndani ya kompyuta uliyorekodia. Ukibeba ripoti kwenye flashi kwenda steshenari, makro imebaki hosteli. Ukichagua iwe ndani ya hati yenyewe, basi hati lazima ihifadhiwe kama .docm. Ukiihifadhi kama .docx, makro zinaachwa nje. Word inakuonya, lakini nani anasoma onyo saa saba usiku? Na kama uko kwenye Word ya kwenye kivinjari, usihangaike, huko makro haziendeshwi.

Ikionekana lakini ikakataa kuendeshwa, huo ni ulinzi. Mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilisambaa duniani kikiwa ndani ya hati ya Word, kwa njia ya makro iliyojituma yenyewe kwa barua pepe, na tangu zamani hizo makro zimekuwa zikitazamwa kwa jicho la wasiwasi. Kuanzia 2022 Microsoft imeanza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti bila hata kukupa kitufe cha kuruhusu. Kama faili ni lako na ulijitumia mwenyewe, lifunge, libonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, weka tiki kwenye Unblock. Kama umelitoa kwenye grupu la darasa na hujui nani alilitengeneza, liache lizuiwe.

Kundi la nne ndilo langu: inaendeshwa, ila inafanya vituko. Hapa usikisie. Ukiwa kwenye lile dirisha la maandishi ya makro, weka dirisha la ripoti pembeni yake, halafu bonyeza F8, tena F8. Kila mbonyezo unaendesha mstari mmoja tu, na unaona kwa macho yako ni upi unaoharibu. Fanya hivyo kwenye nakala. F12 kwanza, jina jipya, ndipo uanze.

Kaka mmoja wa sheria alikuwa na makro ya kupunguza ukubwa wa herufi kwenye nukuu za vifungu. Ilikuwa inapunguza mstari wa kwanza tu. Alikuwa amerekodi akichagua nukuu kwa Shift+End, na siku ile nukuu aliyorekodia ilikuwa ya mstari mmoja. Shift+End inaishia mwisho wa mstari, haijali aya. Tulirekodi upya kwa Ctrl+Shift na mshale wa chini, inayokwenda mpaka mwisho wa aya, hata iwe na mistari kumi. Mwingine alikuwa amesogea kwa mshale wa kulia herufi kwa herufi, na Word ikarekodi idadi kamili, kwa hiyo kila jina la mwandishi lenye urefu tofauti lilikatwa mahali pa ajabu. Ctrl na mshale, neno kwa neno, ingekuwa na nafuu. Wapo pia walioandika "Sura ya Pili" huku wanarekodi, na sasa kila sura ni ya pili.

Kipanya nacho: wakati wa kurekodi unaweza kukitumia kubonyeza menyu, lakini hakikubali kuchagua maandishi wala kusogeza kielekezi ndani ya hati. Watu wanadhani kompyuta imeganda. Haijaganda, inataka kibodi.

Ambao laptopu zao zina LibreOffice, kwenu kitufe cha kurekodi hakionekani kwa sababu kimezimwa tangu mwanzo. Tools, Options, LibreOffice, Advanced, weka tiki kwenye kurekodi makro, kisha kitatokea chini ya Tools, Macros.

Siku hizi kabla sijarekodi naandika kwenye karatasi vitufe nitakavyobonyeza, kwa mpangilio, halafu najaribu kwenye aya tatu zisizofanana: fupi, ndefu, na moja ambayo tayari imepangwa vizuri. Hiyo ya tatu ndiyo ingemwokoa yule dada usingizi wake. Ctrl+E nimeirudisha kwenye kazi yake ya zamani. Mwenzangu wa chumba bado akiiona laptopu yangu anauliza kama nzi wamehama.