Nauli ya Meli Kwenda Marekani

Swali: Mwaka 1912, mtu maskini wa Ulaya alipataje nauli ya meli hadi New York?

Jibu: Mara nyingi hakuilipa yeye. Tiketi ya daraja la tatu kwenye Titanic ilikuwa takriban pauni 7 hadi 8, mshahara wa wiki kadhaa kwa kibarua wa Uingereza. Kwa hiyo ndugu aliyetangulia Marekani alinunua tiketi huko huko, kisha akaituma kwa posta. Chakula kilikuwa ndani ya nauli. Kilichoumiza ni ukaguzi wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York: abiria wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa melini, maskini wakapangwa foleni. Aliyekataliwa alirudishwa kwa gharama ya kampuni ya meli.